Kamera ndogo ya mfukoni hapa Tanga: kuinunua, kuizoea na kuitunza

Kamera ninayoisema ni ile ya kuingia mfuko wa shati. Ukiiwasha lenzi inachomoza, ukiizima inajirudisha ndani na kufumba. Canon IXUS, Sony Cyber-shot, Nikon Coolpix, Fujifilm FinePix na ndugu zao. Nyingi ni za enzi ambazo kamera ya simu ilikuwa bado haina maana, kwa hiyo leo utaipata iliyotumika kwa bei nafuu, au utaikuta imelala kwenye droo ya mjomba wako. Mimi natembea na ya kwangu mwaka wa nne sasa, kutoka Ngamiani hadi Raskazoni.

Nilianza baada ya simu yangu kufa ghafla na kuondoka na picha za nyumbani za miaka miwili, zikiwemo za mwisho za bibi akiwa mzima, amekaa barazani anasuka ukili. Zile picha sikuwahi kuzihamisha wala kuzisafisha. Nikataka chombo ambacho kazi yake ni picha tu, na ambacho kikijaa kinanilazimisha kukaa chini na kuzitoa kwa mkono wangu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyatamani mtu anieleze mwanzoni.

Kabla hujatoa pesa

Nenda dukani na karatasi nyeupe, tochi ya simu na kadi ya kumbukumbu yako mwenyewe.

Iwashe na kuizima mara tano mfululizo huku umeisogeza sikioni. Lenzi nzima hutoka kwa mlio mmoja laini. Ukisikia mkwaruzo, kama wali wenye mchanga unapouma jino, iache hata kama muuzaji anapunguza bei. Hilo halitapona, litazidi.

Kisha lenga karatasi nyeupe, vuta lenzi hadi mwisho, piga, na ukuze picha kwenye kioo. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale katika kila picha ni vumbi lililokwisha kuingia ndani, na kulitoa ni kazi ya kuifungua kamera yote. Baada ya hapo mulika lenzi kwa ubavuni na tochi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Kwa mji wa pwani kama wetu ukungu ni ugonjwa wa kawaida, na ukishaota kati ya vioo vya lenzi huufikii kwa kitambaa.

Fungua mlango wa betri. Kile kikulabu kidogo cha plastiki kinachoushika ndicho huvunjika kwanza, na mlango usiofunga vizuri huzima kamera kila ikitikisika. Betri inatakiwa ichomoke yenyewe, ikikwama, imevimba. Na chaja iwepo palepale, umeiona ikiwaka. Kamera nyingi za aina hii hazichaji kwa waya wa simu, kila moja ina chaja yake, na ahadi ya "utaipata mjini" nimeshaiona ikizungusha watu wiki nzima kati ya soko la Mgandini na maduka ya vifaa.

Ukipata inayotumia betri za penseli mbili, kama Canon PowerShot nyingi za herufi A, usiidharau kwa unene wake. Lakini zile betri za bei rahisi za redio haziiwezi, zitaisha baada ya picha chache. Nunua za kuchaji, zilizoandikwa NiMH, seti mbili: moja ndani ya kamera, moja imejaa inasubiri. Umeme ukikatika jioni, hutakosa harusi.

Kuhusu kadi: angalia tundu. Nyingi hutumia SD, na kadi ndogo ya simu ikiwekwa kwenye kibebeo chake huingia vizuri. Lakini Olympus na Fujifilm za zamani zilitumia xD, na Sony za zamani Memory Stick. Hizo kadi siku hizi ni kuzisaka. Tena kamera za kabla ya 2006 kwa kawaida husoma SD isiyozidi GB 2, kwa sababu kadi za SDHC, za GB 4 hadi 32, zilianza mwaka huo. Ndiyo maana nasema uende na kadi yako: ikisomeka dukani, umemaliza ubishi.

Megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha, zisikunyime usingizi. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikisafishwa kwa ubora mzuri inataka vitone 1200 kwa 1800, yaani megapikseli mbili na kidogo. Ya ukubwa wa A4 haifiki tisa. Kamera ya megapikseli 10 yenye lenzi safi inakutosha maisha yote.

Usiku wa kwanza, kaa na menyu

Weka tarehe na saa sawasawa, maana baadaye ndiyo itakayokuambia picha ni ya Idd ipi. Kumbuka kamera inahesabu saa kuanzia usiku wa manane: saa moja asubuhi yetu ni 07:00 kwake, saa mbili usiku ni 20:00. Betri ikikaa nje siku nyingi saa hujifuta, kwa hiyo iangalie kila ukibadilisha.

Zima ukuzaji wa kidijitali. Ule hauvuti chochote, unakata tu katikati ya picha na kuipanua hadi inakuwa kama mkeka. Baki na ule wa lenzi yenyewe. Chagua picha kubwa kabisa na ubora wa juu. Zima milio. Zima pia ile tarehe ya rangi ya chungwa inayochapwa pembeni. Tarehe imo ndani ya faili hata usipoiona, na ile ya rangi ikishakaa juu ya mguu wa mtoto haitoki.

Mwanga ndio kila kitu

Ndani ya kamera hizi kihisi kinachopokea mwanga kina upana wa milimita sita hivi, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kikipata mwanga wa kutosha kinatoa picha tamu sana. Kikinyimwa, kinatoa chengachenga. Ukilielewa hili moja, kamera ya bei ndogo itakuheshimu.

Tanga ipo digrii tano kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga, na miezi mingine halipungui sana. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mtu akisimama juani macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi na paji la uso linaungua. Usimpige pale. Msogeze hatua tatu tu: chini ya mwembe, barazani, kwenye varanda za zile nyumba za zamani karibu na Jumba la Saa, popote penye kivuli kinachotazama uwazi. Mwanga wa barazani, unaotokea upande mmoja na kupooza ukutani, ni mwanga ambao studio wanaununua kwa mataa.

Saa zenye baraka ni mbili: kuanzia kuchomoza kwa jua hadi saa mbili na nusu, na kuanzia saa kumi na nusu hadi magharibi. Magharibi ya kwetu ni ya haraka, usiseme utarudi.

Sasa niseme kosa langu kubwa, kwa sababu najua na wewe utalifanya. Kuna bi mkubwa anauza vitumbua kona ya jirani yetu Ngamiani, anaanza kabla ya alfajiri. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa, nikampiga wakati mbingu nyuma yake imeanza kupauka. Nikamwonyesha kioo. Akatazama muda, akasema, "Mwanangu, chuma nakiona, moshi nauona. Uso wangu u wapi?" Alikuwa kivuli kitupu.

Kamera hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu. Mbingu nyeupe ikijaa nyuma, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unaondoka nao. Nilirudi kesho yake nikasimama upande wa pili, nyuma yake ukawa ukuta wa nyumba badala ya mbingu. Nikasogea karibu hadi joto la makaa nikalisikia kwenye vidole. Mara hii kila kitu kilikuwepo: mafuta yanayotokota pembezoni mwa kila tundu la chuma, kijiti chake kikiinua kitumbua upande mmoja na kukipindua, na mng'ao mwekundu wa makaa chini ya kidevu chake. Kamera ni ileile, bi mkubwa ni yuleyule. Nilichobadilisha ni mahali pa kusimama.

Usipoweza kuhama, tafuta alama ya +/-. Kwenye kamera nyingi ipo nyuma, au ndani ya menyu ya haraka. Ukiisogeza upande wa jumlisha unaiambia kamera: ongeza, unakosea. Siku ya Idd, uwanja umejaa kanzu nyeupe, bila kuongeza kanzu zote zitatoka za kijivu na nyuso hazitatambulika. Weka +2/3, tazama, ukihitaji fika +1. Mama aliyevaa buibui akiwa mlangoni penye giza ni kinyume: kamera itang'arisha kupita kiasi, uso utaungua, kwa hiyo toa, -2/3. Ukimaliza irudishe sifuri. Mimi nilisahau mara moja nikapiga picha za asubuhi nzima zilizopauka.

Kitufe kina hatua mbili

Watu wengi wanasema kamera hizi ni nzito kushika tukio. Kweli, ukibonya kwa pupa inachukua karibu nusu sekunde kutafuta umbali, na mtoto ameshakimbia. Dawa yake ni kubonya nusu. Bonya taratibu hadi kitufe kigote kidogo, subiri kisanduku cha kijani, kaa hapohapo umeshikilia. Kazi yote imekwisha kufanyika. Tukio likifika, malizia kubonya, inapiga papo hapo.

Fanya mazoezi na baiskeli, maana Tanga hazikosekani. Simama pembeni ya moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Chagua alama barabarani ambapo baiskeli itapita, kiraka cha lami au mfuniko wa mtaro. Bonya nusu ukiwa umelenga pale, ngoja, na tairi la mbele likigusa alama, malizia. Baada ya baiskeli kumi utakuwa umeshazoea.

Kuvuta lenzi kuna gharama yake: ukiivuta hadi mwisho inapokea mwanga kidogo sana kuliko ikiwa imetulia ndani, na mtikisiko wa mkono unaonekana zaidi. Tembea. Miguu yako ni bora kuliko lenzi. Na kwa vitu vidogo, jina la kanga, hina mkononi, jicho la samaki, washa alama ya ua. Kamera nyingi hapo hukubali kusogea hadi sentimita chache, mradi lenzi usiivute.

Usiku na ndani ya nyumba

Flashi yake inafika mita tatu hivi. Ukiiwasha ukumbini kumpiga bibi harusi aliye mbele kabisa, unachomulika ni visogo vya wageni wa safu ya karibu yako. Sogea au izime.

Ninavyofanya mimi kwa wazee wa kahawa usiku: flashi nazima, kamera naiweka juu ya ukuta wa baraza au juu ya kiti, natega ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, naondoa mkono. Taa iliyopo inatosha, na wazee wanaendelea na maongezi yao na bao lao. Wakitikisika kidogo si neno, kikombe kimetulia na mvuke unaonekana. Kwenye menyu kuna ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga; usiiachie ipande yenyewe. Mimi naikomesha 400. Juu ya hapo rangi zinaanza kufa.

Ni njia hiyohiyo kwenye Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji kwa barabara ya Mombasa. Mle ndani ukipiga na flashi utapata miduara myeupe inaelea hewani. Nimesikia mtu akiapa ni majini. Ni vumbi na unyevu ulio karibu na lenzi, umemulikwa na flashi iliyokaa sentimita chache tu kando yake. Weka kamera juu ya jiwe, zima flashi, na tochi ya anayekuongoza imulike ukuta kutoka pembeni. Mikunjo ya chokaa itajitokeza.

Mchana flashi ina faida ambayo wengi hawaijui: mtu akiwa kivulini na nyuma yake kuna bahari inayong'aa, iwashe kwa lazima. Inajaza uso. Kwa mita mbili inafanya kazi safi.

Chumvi, mchanga na jasho

Hapa ndipo kamera za pwani zinakufa, na ya kwangu ya kwanza ilifia hapa. Nilikuwa Raskazoni, upepo wa kusi, mkono una mchanga wa kumchezesha mtoto, nikaiwasha. Lenzi ilitoka nusu ikalia krrr ikasimama. Kioo kikaandika kosa la lenzi. Ilikuwa punje moja tu, niliiona kwa macho kati ya pete mbili.

Ikikutokea, usiilazimishe kwa kuiwasha na kuizima, maana meno ya plastiki ndani yataisha. Toa betri. Igeuze lenzi itazame chini. Tafuta ule mpira wa kuvutia kamasi za mtoto unaouzwa duka la dawa, mpya, mkavu, na uupulizie kuzunguka pete huku lenzi ikiendelea kutazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanageuza vumbi kuwa tope. Usitie mafuta ya aina yoyote, hata ya cherehani. Rudisha betri iliyojaa, jaribu mara moja. Ya kwangu ilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshailazimisha mara sita kabla sijayajua haya.

Kwa hiyo ufukweni kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, na isitoke hadi mikono iwe mikavu na safi. Soko la samaki la Deep Sea vilevile: magamba, maji, rasharasha. Ukirudi, futa mwili wote kwa kitambaa cha pamba chenye unyevunyevu wa maji baridi kidogo, kisha kikavu. Chumvi usiyoiona ndiyo inayokula viungio vya betri. Ikitumbukia baharini kabisa, toa betri sekunde hiyohiyo na usiiwashe. Toa kadi, isuuze kwa maji safi, ikaushe, picha mara nyingi zitakuwa salama hata kama kamera haitarudi.

Mfukoni, jasho. Iweke kwanza kwenye kifuko cha kitambaa. Nyumbani usiifungie kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati, hasa masika. Ndimo ukungu unamoota. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Weka kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vitatu vinne, na vibadilishe vikichoka. Itoe kila wiki, iwashe, vuta lenzi, ipate hewa. Na ukitoka kwenye ofisi au gari lenye kiyoyozi, lenzi itafunga mvuke; ngoja dakika kumi, usiifute.

Salamu kabla ya kitufe

Kamera ndogo haitishi, na hilo lisikufanye upige kwa wizi. Salimia kwanza, "shikamoo" kwa aliyekuzidi, eleza picha ni ya nini, onyesha kioo baada ya kupiga. Mwanamke akifunika uso au akigeuka, amekujibu. Mtoto, muulize mzazi wake. Msibani na msikitini, iache mfukoni hadi uambiwe na wenyewe. Bandarini, kambini na kituo cha polisi, usiitoe kabisa.

Kuzitoa picha kabla hujazipoteza

Nina siku yangu, Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya swala. Natoa kadi, naisomesha kwa kisoma kadi kinachochomekwa kwenye kompyuta au kwenye simu, nakopi folda yote iitwayo DCIM. Mara mbili, sehemu mbili tofauti: kompyuta ya nyumbani na flashi diski inayokaa kwa dada yangu Chumbageni. Nikishafungua picha tano sita kila upande na kuona zinafunguka, ndipo nafuta kadi, tena kwa kuiformati ndani ya kamera yenyewe.

Ukipeleka kadi steshenari, tazama ubavuni mwa SD kuna kilimi kidogo. Kishushe upande ulioandikwa Lock. Kompyuta itasoma picha lakini haitaandika wala kufuta kitu. Mimi kadi yangu iliwahi kurudi kutoka duka moja ikiwa na virusi na folda tupu, na kile kilimi kilikuwa juu. Ni harakati ya ukucha tu, na ingeokoa arusi nzima ya binamu yangu.

Kusafisha

Kila mwezi chagua picha kumi na mbili. Si lazima ziwe kali, ziwe zina watu. Kabla hujazipeleka jua hili: kamera hizi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni ya 3 kwa 2. Picha ya kulala ikijazwa kwenye karatasi hiyo, moja ya tisa ya kimo chake inakatwa, juu na chini. Vilemba na miguu ndivyo vinavyoondoka. Acha nafasi unapopiga, au mwambie wa studio aache ukingo mweupe pande mbili.

Aliyepo pichani apewe nakala yake. Nyuma andika kwa penseli laini jina, mtaa na mwaka. Wino wa peni kwenye karatasi hii unachelewa kukauka na unachafua picha ya chini yake. Ukiitia kwenye fremu, usiiache iguse kioo, kwa sababu joto na unyevu wa huku huigandisha na ukija kuitoa uso unabaki kiooni. Kata vipande vinne vyembamba vya boksi, vibandike pembezoni ndani ya fremu kati ya kioo na picha, kisha funga mgongo na utundike ukuta usiopigwa jua la jioni.